Kumi na Mbili Nukta Tisa

Mvunja Mawe alilipwa ili avunje, na alivunja vizuri. Zege lolote lililomwagwa mjini, liwe la nguzo ya ghorofa au la mfuniko wa karo, sampuli yake ililetwa kwake ikiwa mchemraba wa sentimita kumi na tano kila upande, mzito kama mtoto anayeanza kukaa. Aliulaza kwenye hodhi la maji siku ishirini na nane. Siku hizo zikitimia aliutoa, akaufuta kwa tambara, akauweka katikati ya sahani mbili za chuma za mashine na kuubana mpaka ulie. Mshale wa saa ya mashine ulionyesha umebeba mzigo gani kabla ya kupasuka. Yeye aliandika, meneja akagonga muhuri, mkandarasi akaendelea na ghorofa ya juu au akaambiwa abomoe.

Jina alipewa na wabeba kokoto, maana alitoka kwao. Shule aliiacha darasa la saba, akabeba ndoo za kokoto miaka minne, na katika miaka hiyo aliona jambo moja ambalo wenzake hawakulitilia maanani: mtu anayelipwa vizuri kuliko wote pale kazini ndiye anayebeba kitu chepesi kuliko vyote, yaani kalamu. Akamfuata fundi mzee wa maabara, akampa masharti. Ataosha kalibu za chuma, zile za kumwagia sampuli za zege, mwezi mzima bila malipo. Akivunja hata moja, afukuzwe. Asipovunja, afundishwe hesabu moja kila wiki.

Mzee akacheka. Akamwambia, wewe hujui hata bei ya hesabu moja.

"Ndiyo maana nataka kununua kwa jumla," akajibu.

Alinunua kwa miaka saba. Mzee alipostaafu, ufunguo wa maabara ukahamia mfuko mwingine, na hakuna aliyeshangaa.

Habari ya wanafunzi aliletewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa fizikia mwenye ulimi wa wembe. Kila mwaka watoto wa kidato cha pili walichagua masomo, na kila mwaka alipowauliza sayansi na hesabu ni za kazi gani, nusu walisema udaktari, nusu walisema si za kazi yoyote. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa wamemwona mtu mzima akigawanya namba ili apate chakula cha jioni, hilo tu. Akaja sebuleni kwa dada yake, akavua viatu, akamwambia Mvunja Mawe kwamba ana hesabu zimelala bure kwenye lile banda lake.

Mvunja Mawe akauliza yeye atapata nini. Shemeji akasema atapata heshima, maana mpaka sasa anaamini dada yake aliolewa na nyundo. Wakacheka, kisha wakapatana kama watu wa soko. Watoto wasizidi kumi na watano. Wavae viatu vya kufunika vidole. Na asije mtazamaji: kila atakayeingia aguse kitu na apige hesabu yake mwenyewe.

Akaweka na desturi yake. Mtoto ndiye aliyesoma mshale. Mtoto ndiye aliyegawanya mzigo kwa eneo la uso wa mchemraba, milimita za mraba elfu ishirini na mbili na mia tano, akapata nguvu ya zege, na kuiandika ubaoni kwa mkono wake. Mvunja Mawe aliihakiki, kisha akainakili kwenye daftari la kazi kama ilivyo. Aliwaambia kwamba mle ndani mkubwa ni namba, yeye mwenyewe ni karani wake.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Kijana mmoja aliambiwa mikono yake ni ya kukamata ng'ombe lakini kichwa chake ni cha upimaji wa ardhi, na yule leo anapima viwanja. Mwingine aliambiwa asipoteze muda, aende akauze nguo, na yule anauza nguo na amenawiri. Kwa miaka sita watoto wanane walitoka bandani mle wakaenda vyuo vya ufundi, na Mvunja Mawe aliwajua wote wanane kama mtu anavyojua ng'ombe wake.

Mwaka wa saba akaja binti wa fundi bomba. Mwembamba, sketi imeshonwa upya pindoni, mdomo mzito. Wenzake waliuliza mashine imenunuliwa bei gani. Yeye aliuliza kwa nini wagawanye kwa eneo, kwani zege linajua lina upana gani? Mvunja Mawe akamtazama vizuri. Alikuwa na watoto wawili wa kuzaa, mmoja dereva wa lori, mwingine hata mwenyewe alikuwa hajajua atakuwa nani. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo mezani pake. Jioni alimwambia shemeji yake, yule mwachie. Akimaliza shule aende chuo, akitoka chuo atakuta kiti kina joto.

Shemeji akaahidi kumleta tena, na muhula uliofuata akamleta pamoja na wenzake, akawaacha bandani, akarudi shuleni kufundisha.

Siku hiyo michemraba iliyotimiza siku zake ilikuwa ya jengo la maduka, ghorofa mbili, vyumba vya kupanga juu. Mkandarasi wake alikuwa mteja mkubwa kuliko wote. Katika kila sampuli kumi za maabara, sita zilitoka kwake. Ndiye pia aliyetoa gari la kuwaleta wanafunzi, akasema atapita kupiga nao picha, maana mtu mkubwa hupenda kuonekana karibu na watoto wa shule.

Kabla mkandarasi hajafika, Mvunja Mawe aligonga mchemraba wa kwanza kwa kifundo cha kidole. Zege zuri huita kama kengele. Huu ulijibu kama mlango wa kabati. Saa ya mashine ilikuwa na duru mbili, ya ndani ya mizigo midogo na ya nje ya mizigo mikubwa, na palipoandikwa moja ndani, nje paliandikwa mbili. Wenzo mfupi ubavuni ndio uliochagua duru ya kusoma. Binti wa fundi bomba alikuwa kwenye wenzo. Mvunja Mawe akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Weka ndogo. Huyu hafiki mbali."

Akaweka ndogo. Mashine ikabana. Mchemraba ukapasuka mapema, bila mlio wa maana, ukamwaga vumbi kama biskuti. Mshale ukasimama kilonyutoni mia mbili na tisini, duru ya ndani. Binti akausoma kwa sauti, akaenda ubaoni.

Alikuwa anagawanya mlango ulipofunguliwa. Akaingia mkandarasi na shati lake jeupe, nyuma yake meneja wa maabara na mpiga picha. Wakasimama nyuma ya watoto, wakitabasamu. Binti akamaliza, akapiga mstari chini ya jibu: kumi na mbili nukta tisa.

Nguzo za jengo lile zilitakiwa zifike ishirini na tano.

Watoto hawakujua wanachokiona. Watu wazima watatu walijua. Tabasamu la mkandarasi lilibaki pale pale, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Meneja akasema polepole, kana kwamba anauliza saa, "Fundi, hiyo namba vipi?"

Mvunja Mawe alipiga hesabu ya haraka kuliko zote za maisha yake. Namba ile ikinakiliwa, kazi inasimamishwa, mkandarasi anahamia maabara ya upande wa pili wa mji, na katika kila sampuli kumi wanabaki na nne. Watu wanne hapo kazini hawana kazi mwezi ujao, naye ni mmoja wao. Na yote hayo mbele ya kamera. Akatembea kuelekea ubaoni, akapita ubavuni mwa mashine, na kiwiko chake kikausukuma wenzo upande wa pili.

"Umesoma duru ya ndani," akamwambia binti. "Tazama wenzo. Uko kwenye kubwa."

Binti akatazama wenzo. Akamtazama yeye. Akasema aliuweka kwenye ndogo.

"Uko wapi sasa?"

Ulikuwa kwenye kubwa. Kila mtu aliuona.

"Basi zidisha mara mbili. Zege hili lina ishirini na tano nukta nane. Ungeliandikia cheti wewe, mwenzio angebomoa jengo zima."

Mkandarasi akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetolewa mfupa kooni, na watoto wakacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Mmoja wao nyuma akasema, "Nusu!" Likashika. Walipokuwa wanapanda gari, binti wa fundi bomba alikuwa tayari ana jina jipya.

Ni lazima isemwe pia kwamba Mvunja Mawe hakuliacha jengo. Hakuwa mtu wa kuangushia watu ghorofa. Siku ya tatu alikwenda kwenye ujenzi na daftari lake la binafsi, akamwonyesha mkandarasi namba zote za michemraba ile, moja mbovu kuliko nyingine. Mkandarasi akatoa bahasha. Akaikataa, si kwa utakatifu. Alijua bahasha huliwa mara moja na nguzo hubeba kila siku. Akataka nguzo zote nane za chini zivikwe nondo mpya na zege jipya kabla dari la juu halijamwagwa, na yeye asimame pale likimwagwa. Mkandarasi akatukana ukoo wa kuumeni na wa kukeni. Akaambiwa atukane polepole, asije akachoka kabla ya nondo kufika. Saa moja baadaye wakapeana mikono.

Nguzo zikarudiwa. Mvunja Mawe akachukua sampuli mwenyewe, na siku ishirini na nane baadaye zikatoa ishirini na saba. Akafunga daftari. Kwa hesabu yake, maabara imepona, jengo limepona, mkandarasi amejifunza, hakuna aliyekula hasara. Alirudia hesabu ile mara kadhaa, na kila mara ilimjia sawa.

Shemeji akaja Jumatano moja, hakuvua viatu. Fomu za kuchagua masomo zilikuwa zinarudishwa Ijumaa. Binti wa fundi bomba hakujaza fizikia, hakujaza kemia. Amejaza masomo ya biashara, yale ya kupiga chapa na kupanga mafaili.

"Anasema haamini macho yake, shemeji. Nimempa rula apime daftari, kapima mara tatu, kisha kaniuliza mimi ni ngapi. Mtoto niliyekuwa namtumia kusahihisha kazi za wenzake." Akakaa mwisho wa kiti. "Njoo umwambie hata wewe unakosea. Kwako atasikia."

Mvunja Mawe akasema atakwenda. Usiku ule hakumwambia mkewe kitu, na mkewe, aliyekuwa naye miaka thelathini, hakuuliza ila alimwongezea mto.

Ijumaa akamkuta binti nje ya ofisi ya walimu, fomu mkononi. Njia nzima Mvunja Mawe alikuwa ametafuta neno litakalomrudishia mtoto macho yake bila kumtoa yeye kazini, kama mtu anayetafuta bei itakayowachekesha muuzaji na mnunuzi wote wawili. Akamwambia kila mtu hukosea. Akamwambia yeye mwenyewe aliwahi kusoma mshale kinyume. Akamwambia aje tena likizo, amfundishe peke yake.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa adabu, macho kwenye viatu vya yule mzee.

"Mzee, nilikusikia ukisema weka ndogo. Ulisema, au sikusikia?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani shemeji yake alikuwa anapanga fomu. Neno moja lilitosha. Lakini neno lile lingeingia ofisini, lingefika kwa mkuu wa shule, lingefika kwenye muhuri wa meneja na cheti kilichokwisha kutolewa.

"Hukusikia vizuri," akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa. Akaingia ofisini akaikabidhi fomu kama ilivyokuwa.

Baada ya hapo ziara ziliendelea mwaka mmoja, lakini Mvunja Mawe alisoma mshale mwenyewe, akagawanya mwenyewe, watoto wakatazama. Shemeji akamuuliza masharti yao yameishia wapi. Akajibu kwamba watoto wa siku hizi hawako makini. Mwaka uliofuata shemeji hakuleta mtu.

Ikapita miaka mitano. Jengo la maduka lilisimama, vyumba vya juu vikajaa wapangaji na nguo za kuanikwa. Mvunja Mawe alibakiza miezi minane astaafu. Asubuhi moja mpira wa kujazia hodhi ukapasuka, akaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua mwingine.

Nyuma ya kaunta alikuwa binti wa fundi bomba.

Alimjua mara moja, naye alijulikana. Wakasalimiana, shikamoo na marahaba, kama watu wasio na deni. Akaagiza mita saba na robo. Binti akauvuta mpira, mita kwa mita, juu ya futi ya chuma iliyopigiliwa kwenye kaunta, akaweka dole gumba penye alama. Palikuwa penyewe. Mvunja Mawe aliona kwa macho yake kwamba ni penyewe. Lakini mkasi haukushuka. Binti akageuza shingo, akamwita mwenzake aliyekuwa anapima misumari.

"Hebu nisomee."

Mwenzake akaja akisonya. "Saba na robo, Nusu. Kama jana, kama juzi." Akamgeukia mteja. "Mzee, huyu bila kusomewa hakati. Hajawahi kukosea hata siku moja, lakini peke yake hakati ng'o. Mwenye duka amechoka kusema."

Akarudi kwenye misumari yake. Mvunja Mawe akashika ukingo wa kaunta. Nyuma yake walisimama wateja wawili, mmoja na ndoo ya rangi. Akasema yote, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma matokeo. Kwamba alisema weka ndogo. Kwamba wenzo aliusukuma yeye kwa kiwiko. Kwamba zege lilikuwa bovu, na yeye binti aliligawanya sawasawa, na siku ile ya fomu alimdanganya mara ya pili.

Binti hakulia wala hakupandisha sauti. Dole gumba lilikuwa bado juu ya mpira.

"Na lile jengo?" akauliza. "Watu wanalala mle."

"Halina neno. Tulizirudia nguzo. Nane zote."

"Nguzo mlizirudia," akasema binti.

Mvunja Mawe akaanza kupanga bei, kwa kuwa ndicho alichokijua. Kuna masomo ya jioni, atamsemea. Kuna mkuu wa chuo cha ufundi ambaye aliwahi kumtengenezea mashine. Hana umri mkubwa hata kidogo, miaka mitatu tu na atakuwa na cheti.

"Mama anaumwa, nina wadogo wawili," akasema binti. "Na sikukuuliza una nini." Akararua kipande cha mfuko mtupu wa saruji uliokuwa chini ya kaunta, akakisukuma mbele pamoja na kalamu. "Andika."

Mvunja Mawe akamwambia si amekwisha kusema, na watu wamesikia. Binti akasema maneno hata siku ile aliyasikia.

Aliitazama kalamu. Katika maisha yake yote hakuwahi kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Akajaribu mara moja zaidi: aandike namba tu, bila jina la jengo. Binti akatikisa kichwa. Bila tarehe? Binti akamtazama mteja mwenye ndoo ya rangi, akamwambia samahani, asubiri kidogo.

Mvunja Mawe akaandika. Namba ya sampuli aliikumbuka kwa kichwa, maana kwa miaka mitano haikumtoka. Jengo, tarehe, mzigo mia mbili na tisini, duru ya ndani, nguvu ya zege, aliyesoma mshale ni nani, aliyesukuma wenzo ni nani. Akatia sahihi ile ile anayoitia kwenye vyeti. Muhuri wa maabara, pensheni iliyobakiza miezi minane, kiti chake, vyote viliingia kwenye kipande kile cha karatasi ya kahawia, na bado nafasi ilibaki.

Binti alikisoma. Akakisoma tena. Midomo ilikuwa inatembea. Kisha akageuza shingo, akamnyooshea mwenzake.

"Hebu nisomee."

"Kwani wewe huoni?"

"Nisomee."

Mwenzake akafuta mikono kwenye aproni, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, na wateja waliosimama pale wakasogea. Alipofika kwenye namba alikwama, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Kumi na mbili nukta tisa," akasema. "Ndiyo nini hii?"

"Rudia."

"Kumi na mbili nukta tisa, Nusu. Imeandikwa hapa."

Binti akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakusema ataipeleka wapi, na Mvunja Mawe hakuuliza. Mkasi ukashuka. Akamfungia mpira wake kwa kamba, akamkabidhi, akamwita mwenye ndoo ya rangi asogee mbele.